Vita vya Panzi na Kunguru Aliyelala Njaa

Kila mojawapo ya zile kampuni tatu kubwa inapotangaza konsoli mpya, mitandao yetu inageuka Uwanja wa Mkapa siku ya Simba na Yanga. Huku wa PlayStation, kule wa Xbox, na pembeni wale wa Nintendo wanaojifanya hawasikii matusi. Namba zinarushwa kama mawe: mashine zilizouzwa, kasi ya prosesa, idadi ya gemu ambazo "sisi tunazo, nyie hamna." Sisi! Kijana wa Kinondoni asiye na hisa hata moja Tokyo wala Kyoto anasema "sisi" kifua mbele.

Nyuma ya ushabiki huo kuna imani ambayo hata watu makini wanaimeza bila kutafuna: kwamba wakubwa hawa wakishindana, mteja ndiye anayefaidi. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Wao wavunjane miguu, sisi tule. Waandishi wenzangu wa kurasa za teknolojia wameirudia imani hiyo mpaka imekuwa kama dua ya kufungia habari.

Mimi naipinga. Nasema hivi: kwa zaidi ya miaka arobaini, kitu kikubwa ambacho watengeneza konsoli wamekigombania ni nani ashike ufunguo wa mlango. Picha nzuri, betri, bei, vyote hivyo vimo, lakini vimekaa kiti cha nyuma. Na aliyelipa gharama ya ugomvi huo ni gemu zenyewe, yaani kazi za watu. Panzi wamepigana, wengine wameanguka, na kunguru kalala njaa.

Utaniuliza panzi wa elektroniki wamefikaje kwenye ukurasa wa watu wa riwaya na mashairi. Wamefika kwa sababu gemu zina waandishi. Zina wahusika, mandhari, mazungumzo, zina mwanzo na mwisho unaomkaa mtu moyoni kama mwisho wa riwaya nzuri. Ukishakubali kwamba filamu inastahili uhakiki, huna pa kusimamia ukiikataa gemu. Na maswali tunayoyauliza kila siku kuhusu vitabu, nani kaandika, nani kachapisha, nakala iko wapi, nani anaweza kuisoma, yanafaa hapa bila kubadilishwa hata neno.

Tuanze na hilo la nani kaandika. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Atari ilikuwa mfalme wa konsoli za nyumbani Marekani, na haikuwa na desturi ya kuweka majina ya watengenezaji kwenye gemu zake. Mtu mmoja anakaa, anabuni, anachora, anaandika programu mwanzo mpaka mwisho, halafu kazi inatoka na jina la kampuni tu. Warren Robinett, aliyetengeneza Adventure, aliamua kulificha jina lake katika chumba cha siri ndani ya gemu yenyewe, alikute mchezaji mwenye udadisi. Wengine wanne hawakutaka kujificha. Waliondoka, na mwaka 1979 wakawa miongoni mwa waanzilishi wa Activision, kampuni ya kwanza kutengeneza gemu za konsoli bila kuwa na konsoli yake. Gemu zao zilitoka na majina ya waliozitunga. Atari ikawakimbilia na kesi mahakamani.

Hebu litazame hilo kwa jicho la msomaji. Ugomvi huu wa mwanzoni kabisa katika biashara ya konsoli ulikuwa wa waandishi waliotaka majina yao kwenye jalada, na wa mwenye mashine aliyeona kazi yao ni mali yake. Tangu siku hiyo mashine zimebadilika mara nyingi sana. Mtazamo wa wenye mashine haujabadilika sana.

Mlango uliofunguliwa na Activision ulipitisha kila mtu, mafundi na matapeli. Soko la Marekani likajaa gemu mbovu, na mwaka 1983 likaporomoka. Nintendo ilipoingia Marekani na NES mwaka 1985 ilikuja na dawa yake: chipu ndani ya mashine na chipu pacha ndani ya kaseti. Kaseti isiyo na pacha, mashine inagoma. Na chipu hiyo ilipatikana kwa Nintendo peke yake. Kwa hiyo kila mchapishaji akapewa masharti: gemu tano kwa mwaka, zisizidi. Kaseti zinatengenezwa na Nintendo, nawe unalipia mzigo. Gemu uliyoitoa hapa usiipeleke kwenye mashine ya mwingine kwa miaka miwili. Konami, ili ipate nafasi ya kutoa zaidi ya tano, ilibidi izae kampuni nyingine, Ultra, kama mfanyabiashara anayefungua duka la pili kwa jina la mke wake.

Sasa yapeleke masharti hayo kwenye vitabu. Mtu ana kiwanda cha taa. Ametengeneza taa nzuri, na ametengeneza pia wino unaoonekana kwa taa yake tu. Anamwambia mchapishaji: vitabu vyako nitavichapa mimi, vitano kwa mwaka, na kwa miaka miwili marufuku kuvichapa kwa wino mwingine. Nani kati yetu angeuita mpango huo ushindani wenye manufaa kwa msomaji? Tungeandamana.

Watetezi wanasema kufuli ile iliokoa soko, na kwa sehemu ni kweli. Watu walikuwa wamechoka kununua takataka, na muhuri wa Nintendo uliwarudishia imani. Nakubali. Lakini mlinzi uliyemwajiri wakati wa wizi akakaa mlangoni miaka arobaini, anatoza kila anayeingia na kila anayetoka, huyo si mlinzi tena. Huyo ni mwenye nyumba.

Nisiwe mchoyo wa haki. Kuna wakati panzi walipigana na kunguru akala vizuri, na mfano bora ni wa konsoli za mkononi. Mwaka 1989 Nintendo ilitoa Game Boy. Kioo chake hakikuwa na rangi wala mwanga, na usiku ulihitaji taa ili uone unachocheza. Mwaka huohuo Atari ikatoa Lynx, yenye rangi na mwanga. Mwaka uliofuata Sega ikaleta Game Gear kule Japani, nayo ina rangi na mwanga. Kwa wapenda vipimo, Game Boy ilikuwa marehemu kabla ya kuzaliwa. Lakini Marekani Lynx iliuzwa karibu dola 180, Game Gear dola 150, na Game Boy dola 90 hivi. Game Gear ilimeza betri sita kwa saa tatu mpaka tano. Game Boy ilikwenda na betri nne kwa saa kumi na tano au zaidi.

Aliyekuwa nyuma ya Game Boy, Gunpei Yokoi, alikuwa na falsafa ya kuchukua teknolojia iliyokwisha kukomaa na kushuka bei, kisha kuitumia kwa namna ambayo hakuna aliyeiwazia. Aliwaza mfuko wa mtoto, safari ya treni, betri zinazoisha. Matokeo yake Game Boy na mdogo wake Game Boy Color ziliuzwa zaidi ya milioni 118. Game Gear iliishia takriban milioni 10. Huo ndio ushindani ninaouheshimu, wa nani kamwelewa mtumiaji zaidi.

Tena kulikuwa na jambo ambalo siku zile hakuna aliyelihesabu kuwa neema. Kaseti ya Game Boy ilikuwa mali yako. Ulimwazima jirani, uliiuza ukiichoka, ulimwachia mdogo wako ukienda bweni. Ilifungwa kwenye mashine ya Nintendo, sawa, lakini ilikaa mkononi mwako na haikumwomba mtu ruhusa ili iwake.

Angalia sasa kilichofuata katika upande huohuo wa mkononi. Mwaka 2004 Nintendo ikatoa DS, na Sony ikaingia na PSP. Sony ilibuni kidiski cha aina yake, UMD, kwa ajili ya PSP. Mwaka 2009 Sony hiyohiyo ikatoa PSP Go, isiyo na mahali pa kuingizia kidiski hicho. Aliyejaza kabati kwa UMD akabaki na kabati. Mwaka 2011 ikaja Vita, nayo ikataka kadi zake yenyewe za kuhifadhia, za bei kuliko kadi za kawaida zilizojaa madukani. Nintendo nayo haikuwa malaika: kaseti za DS zilisomeka popote duniani, lakini ilipokuja 3DS mwaka 2011, kaseti iliyonunuliwa Japani ikagoma kwenye mashine ya Marekani. Hakuna mchezaji hata mmoja aliyeomba kitu hicho. Ushindani ulikuwa mkali kwelikweli miaka ile, na kila mzunguko wake ulizaa kufuli mpya.

Ukidhani nazidisha chumvi, rudi nyuma uangalie jinsi PlayStation yenyewe ilivyozaliwa. Mwaka 1991, kwenye maonyesho ya elektroniki mjini Chicago, Sony ilitangaza mashine ya CD iliyokuwa imeandaliwa kwa makubaliano na Nintendo. Kesho yake Nintendo ikapanda jukwaani na kutangaza kwamba inakwenda na Philips. Ilikuwa aibu ya hadharani. Na chanzo chake hakikuwa ubora wa picha wala sauti. Nintendo ilikuwa imeng'amua kwamba mkataba ulimpa Sony udhibiti wa gemu zitakazotoka kwenye CD, na mapato ya leseni zake. Yaani ufunguo. Sony, kwa hasira na kwa hesabu, ikaendelea peke yake, na Desemba 1994 PlayStation ikaingia sokoni Japani. Ule unaoitwa ushindani mkubwa kuliko wote katika historia ya konsoli ulianzia kwenye ugomvi wa nani atatoza ushuru mlangoni.

Na wasomaji? Waliburutwa. Square ilikuwa imetoa Final Fantasy sita kwenye mashine za Nintendo tangu 1987. Ya saba haikuenea kwenye kaseti, ikahamia PlayStation mwaka 1997 katika CD tatu. Uamuzi wa watunzi ulikuwa na mantiki, siwalaumu. Lakini mtu aliyefuata mfululizo ule kwa miaka kumi alilazimika kununua mashine nyingine ili apate juzuu la saba. Tumezoea kiasi kwamba hatuoni tena ujinga wake. Tukaupa hata jina la sifa, gemu za peke yetu, na tukaanza kuzihesabu kama mabao.

Methali ya tembo na nyasi hapa haitoshi, maana nyasi zenyewe zimejigawa makundi mawili na ziko uwanjani zinapuliza vuvuzela.

Mpaka hapa ningeweza kuambiwa nalalamikia usumbufu tu. Toa pesa, nunua mashine mbili, maisha yaendelee. Tatizo ni kwamba mashine zikifa, kazi nazo zinafuata, na hapa ndipo ninapowataka watu wa vitabu wanisikilize kwa makini.

Mwaka 2023 Video Game History Foundation pamoja na Software Preservation Network walitoa utafiti kuhusu gemu zilizotoka Marekani kabla ya mwaka 2010. Waligundua kwamba gemu 87 katika kila 100 hazipatikani tena sokoni. Huwezi kuzinunua kihalali popote, labda ubahatishe kaseti ya mtumba na mashine ya zamani ya kuichezea. Kwa Game Boy na ndugu zake, zinazopatikana hazifiki hata 6 katika 100.

Soma tena. Game Boy! Bingwa. Mashine iliyowazika Lynx na Game Gear, iliyouzwa kwa makumi ya mamilioni. Kama ushindani ungekuwa unamlisha kunguru, basi angalau maktaba ya mshindi ingekuwa hai. Lakini mshindi na mshindwa wamelala kaburi moja. Ukitaka kujua kwamba ushindani wa mashine hauna uhusiano na uhai wa kazi, huna haja ya ushahidi mwingine.

Lakini upo. Machi 2021 Sony ilitangaza kufunga maduka ya mtandaoni ya PlayStation 3, PSP na Vita. Watu wakapiga kelele, na mwezi uliofuata kampuni ikarudi nyuma kwa PlayStation 3 na Vita; la PSP likafungwa mwaka huohuo. Tarehe 27 Machi 2023 Nintendo ikafunga duka la Wii U na 3DS. Julai 2024 Microsoft ikafunga la Xbox 360. Katika maduka hayo kulikuwa na gemu ambazo hazikuwahi kuwa na kaseti wala diski. Zilikuwa huko tu. Siku mlango ulipofungwa, hazikuuzwa tena.

Na kuna P.T., kisa ambacho mhadhiri yeyote wa fasihi angepaswa kukifundisha. Agosti 2014 gemu fupi ya kutisha ilitokea kwenye PlayStation 4, bure, bila kelele. Aliyeiongoza ni Hideo Kojima. Ukumbi mmoja wa nyumba, unaupita, unafungua mlango, unajikuta mwanzoni mwa ukumbi uleule, na kila mzunguko kuna kitu kimebadilika. Kama kuna mtu anataka kujua marudio yanaweza kufanya nini katika sanaa ya kusimulia, kazi ndiyo hiyo. Mwaka 2015 mradi mkubwa uliokuwa unatangazwa na gemu hiyo ulifutwa, na P.T. ikaondolewa dukani. Hata aliyekwisha kuipakua, akiifuta hairudi. Watu wakaanza kuuza mashine zao kwa bei ya kuruka kwa sababu tu P.T. ilikuwemo ndani. Kitabu kimegeuka kitu cha kurithi pamoja na kabati kilimo!

Wanaozihifadhi kazi hizi ni nani basi? Kwa sehemu kubwa ni watu ambao kampuni zinawaita wezi. Chukua Mother 3, iliyotoka Japani mwaka 2006 kwa Game Boy Advance. Mwandishi wake, Shigesato Itoi, ni mtu wa maneno hasa, mwandishi wa matangazo na insha aliyeingia kwenye gemu. Ni hadithi ya familia, msiba, na kijiji kinachoingiwa na pesa na kusahau kilivyokuwa. Msomaji wa Kiswahili aliyelelewa na riwaya za kijiji na mji angejiona nyumbani. Nintendo haijaitoa rasmi kwa Kiingereza hadi leo. Mwaka 2008 kundi la mashabiki liliitafsiri lenyewe na kuigawa tafsiri bure, na wengi wetu nje ya Japani tunaoijua tunaijua kwa sababu yao. Katika fasihi, mtu anayetafsiri kazi kubwa kwa mapenzi tu tunampa tuzo. Hapa anaombewa asije kupelekwa mahakamani.

Maktaba nazo zimejaribu. Nchini Marekani wahifadhi waliomba ruhusa ili maktaba ziwawezeshe watafiti kuzifikia, kwa njia ya mtandao, gemu ambazo hakuna anayeziuza tena. Oktoba 2024 Ofisi ya Hakimiliki ikakataa. Miongoni mwa hofu zilizotajwa ni kwamba watu wangeweza kuzicheza kwa burudani. Jamani! Ni sawa na kuizuia maktaba isiazimishe riwaya kwa sababu huenda kuna mtu ataifurahia.

Sasa turudi kwetu, maana sisi tuko mbali na mezani lakini tunashabikia kwa sauti kuliko walioalikwa. Huduma ya mtandaoni ya PlayStation haipo rasmi Tanzania, Kenya wala Uganda. Kijana wa huku anayetaka kununua gemu kwenye duka lile anafungua akaunti akidai anaishi Marekani au Uingereza, kisha anatafuta kadi ya malipo ya huko kwa dalali. Mei 2024 Sony ilipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti za PlayStation, gemu hiyo iliondolewa kwenye duka la Steam katika nchi zaidi ya 170 ambako huduma haipo. Kelele zikapigwa, sharti likaondolewa, lakini somo lilikuwa wazi. Unaweza kuwa shabiki wa kampuni kwa miaka ishirini, na kwenye ramani yake usiwepo.

Na tuseme ukweli tulivyofika hapa. Kizazi changu kilikutana na gemu kwenye vibanda vya mtaani, PlayStation 2 juu ya meza, pedi iliyofutika alama, unalipia kwa mechi, Winning Eleven mpaka mama atume mtu kukuita. PlayStation 2 iliuzwa zaidi ya milioni 155 duniani, na mbele ya nyingi zilizofika kwetu kulikuwa na fundi aliyeifungua kufuli na rundo la CD za kudurufu. Hatukuingia kwa mlango wa mbele kwa sababu mlango wa mbele haukuwa na bei yetu wala anwani yetu. Ushindani wa Sony na Sega na Nintendo haukutuletea gemu. Alituletea fundi. Siandiki hivi kusifu kudurufu kazi za watu. Naandika ili anayesema soko limetuhudumia anionyeshe lilipotuhudumia.

Najua hoja ya upande wa pili, na ina uzito. Gemu kubwa siku hizi inagharimu mamilioni mengi ya dola. Mwenye konsoli anaweka fedha hizo kwa sababu gemu itamuuzia mashine. Mwondolee upekee huo, hataweka fedha, na kazi haitazaliwa. Tena wanasema gemu za zamani zinarudishwa: Nintendo inazo kwenye usajili wake wa kila mwezi, na Microsoft tangu 2015 imefanya mamia ya gemu za Xbox 360 zicheze kwenye mashine mpya.

Microsoft naipa pongezi yake, kazi ile ilikuwa ya maana. Lakini usajili ni kupangisha. Mwenye nyumba anachagua vitabu vichache vya kuweka rafuni, na siku ukiacha kulipa, au siku yeye akichoka, rafu inaondoka. Kuhusu fedha, wachapishaji wa vitabu nao wanawekeza, nao wana haki za kipekee, na hakuna anayewadai wagawe bure. Mchapishaji ana haki ya kitabu. Hana haki ya taa, ya kiti, na ya mkono wa jirani nitakayemwazima. Na sheria za nchi nyingi, yetu ikiwemo, zinamtaka apeleke nakala maktaba ya taifa, ili yeye akifilisika kitabu kibaki. Sekta ya uchapishaji haikufa kwa sharti hilo.

Tunakoelekea ni kubaya zaidi. PlayStation 5 na Xbox za mwaka 2020 zilikuja na matoleo yasiyo na pa kuingiza diski. Juni 2025 Nintendo ilitoa Switch 2, na baadhi ya gemu zake zinauzwa kwenye kadi ambazo ndani hamna gemu. Kadi ni ufunguo tu. Gemu yenyewe unaipakua kutoka kwa kampuni. Angalau hapo wamekuwa wakweli. Baada ya miaka yote hii ya kujifanya wanatuuzia kitabu, sasa wanatuuzia ufunguo, tena wa mlango ambao wao ndio wataamua lini watie tofali.

Kwa hiyo nina ombi kwa wapenzi wa fasihi wanaocheza gemu, na ninajua ni wengi kuliko wanaokiri. Tuache ushabiki wa maduka. Konsoli mpya ikitangazwa, tuwaachie wengine prosesa, sisi tuulize ya msomaji. Nikiinunua gemu hii, naweza kumwazima mtu? Duka likifungwa, itawaka? Mashine hii ikifa, kazi itahamia wapi? Waliotunga wametajwa? Nakala iko kwenye maktaba gani? Na sisi tunaoandika, tukihakiki gemu tuyajibu maswali hayo kwenye uhakiki, pale pale tunapotoa sifa za hadithi na muziki, badala ya kunakili takwimu za mauzo zilizotumwa na kampuni.

Inawezekana. Sony ilikataa kwa muda mrefu wachezaji wake wasicheze Fortnite pamoja na wa Xbox na Nintendo, na Septemba 2018 ikasalimu amri kwa kelele za watu. Maduka ya PlayStation 3 na Vita yaliokolewa na kelele za watu. Katika visa hivyo vyote viwili mashabiki waliacha kwa muda kushangilia, wakadai. Hawakusubiri panzi wamalizane.